Mteja wa Herufi Moja

Kiti kilikuwa kimelowa. Kimoja tu, kile cha karibu na dirisha, na dada wa mapokezi alikuwa anakisugua kwa kitambaa huku amekunja pua.

"Kuna mteja alikuwa anakusubiri hapa, Mama Faili," alisema. "Ameondoka sasa hivi. Kaacha harufu hii, sijui ya nini."

Mama Faili, ambaye ofisi nzima ilimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyetunza majalada ya wateja, alinusa. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa asubuhi hiyo, na ndani yake nywele zilizoungua.

"Kasema anaitwa nani?"

Dada akalitaja jina. Mama Faili alimwomba alirudie, maana mtu mwenye jina hilo hakuwepo duniani. Alilitunga yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Ofisi mbili za mawakili zilizopakana zilikubali kuungana. Ukuta wa katikati ukavunjwa, majalada ya huku na ya kule yakalundikwa chumba kimoja, na kazi ya kuwaingiza wateja wote kwenye kompyuta moja akapewa yeye, pamoja na mtunza majalada wa upande wa pili, mzee mpole wa miwani minene. Kompyuta hiyo ilikuwa na ulinzi wake. Ukiingiza jina la mteja, inatafuta kama ofisi hiyohiyo inamtetea pia mtu anayeshtakiana naye. Ikimkuta, maandishi mekundu yanajaa kwenye kioo: kuna mgongano wa maslahi. Hapo lazima mteja aambiwe, na kesi iachwe, kwa sababu wakili hawezi kula huku na huku.

Alipoingiza jina la bibi mmoja, mkunga mstaafu, kioo kikawa chekundu. Bibi huyo alikuwa anamshtaki mkandarasi aliyechimba msingi kando ya nyumba yake mpaka nyumba ikaporomoka, mdogo wake akiwa ndani. Na mkandarasi huyohuyo ndiye aliyekuwa mteja mnono kuliko wote wa ofisi ya pili. Akiondoka yeye, muungano umekufa.

Bosi wake alifunga mlango kwanza. "Badilisha herufi moja tu, mama," alisema kwa kubembeleza. "Makosa ya kuchapa si yapo kila siku? Nani atajua?"

Akabadilisha. Wekundu ukazimika, kompyuta ikasema hakuna mgongano, na Bosi akampigapiga begani kama mtoto aliyekunywa dawa bila kulia.

Bibi mkunga aliendelea kuja. Alimwita "mwanangu", akamuulizia watoto, kisha akaingia kwa wakili wake kueleza kila kitu, hata habari za jirani aliyeona shimo likichimbwa. Haukupita muda, jirani yule akafuatwa nyumbani kwake na watu wa mkandarasi, na tangu hapo akawa hataki hata kusalimiana na bibi.

"Sijui nani kamwambia," bibi alilalamika siku moja, amemshika Mama Faili mkono. "Hapa ndipo peke yake nilipomtaja."

Mama Faili alitazama viatu vyake mwenyewe.

Ndipo mteja wa kiti akaja. Na baada ya siku ile, mkwaruzo ukaanza katika chumba cha majalada, kama ukucha unaopita taratibu juu ya rafu za chuma, ukisimama, ukiendelea, kama mtu anayetafuta jalada lake. Dada wa mapokezi alisema ni panya. Mama Faili hakubisha. Angesema nini, bila kusema lile jingine?

Jioni moja, jua halijazama, alifika nyumbani, akabadili nguo chumbani, akatoka akamkuta mumewe anapiga pasi.

"Mgeni wako bado yuko bafuni?" mume aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mgeni gani?"

"Si huyo bibi uliyeingia naye. Nimemwamkia, hakuitika." Akaiweka pasi pembeni. "Mke wangu, mbona amelowa vile?"

Alitaka kusema kwamba hakuingia na mtu, alitaka kumvuta mumewe watoke nje hivyohivyo miguu mitupu, lakini mlango wa bafuni ulikuwa umeshaanza kufunguka, polepole, na kwenye upenyo wake ikatoka harufu ya udongo na ya nywele zilizoungua, na nyuma ya harufu ikaja sauti, sauti ya bibi mkunga kabisa, yenye mikwaruzo na upole wake uleule, ila maneno yalitoka kama kwa mtu anayevuta pumzi ndani badala ya kuitoa, ikisema, "Mwanangu, umeniita, nimekuja. Kesi yangu inasikilizwa lini?"

Walilala kwa jirani. Asubuhi mume akampeleka kwa mganga mmoja aliyesifika kwa kutoa majini, chumba kilicho nyuma ya duka la fundi cherehani. Mganga alianza kusoma, akakatiza katikati, akamwomba mume atoke nje kidogo.

"Uliandika nini?" alinong'ona.

Mama Faili alimwambia. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni.

"Huyu simuwezi," mganga alisema. "Jini wa kutumwa namrudisha kwa aliyemtuma. Wewe umetunga jina lisilo na mtu, ukalipatia na kesi juu yake. Majini wengi wanapita hapa hawana pa kushika. Mmoja kaliona liko wazi, kalivaa. Nikimwambia avue, ataniuliza nguo hii ni ya nani. Bibi mwenyewe umemwambia?"

"Bado."

"Basi hata hatujaanza."

Bibi mkunga alikuwa amekaa kibarazani, amempakata mtoto mchanga wa majirani. Mama Faili alipiga magoti, akaamkia, kisha akayatoa yote, hata lile la kupigwapigwa begani. Alikuwa amejiandaa kulia, lakini machozi hayakuja, ikabaki aibu tupu.

"Kwa hiyo yule jirani yangu..."

"Ni sisi, bibi."

Bibi alimhamishia mtoto begani, akamziba sikio kwa kiganja kana kwamba hakutaka ayasikie hayo.

"Jina hilo nilipewa na baba yangu," alisema. "Hukuniomba hata kuliazima."

"Nisamehe, bibi."

"Kaliandike vizuri kwanza. Kisha uje mahakamani uyaseme hayahaya mbele ya watu. Na useme kwa sauti kubwa kuliko hiyo."

Hakumwambia karibu tena.

Ofisini, Bosi alisimama mbele ya meza. "Ukigusa hiyo kompyuta, kazi huna."

"Najua."

Nyuma yao rafu zikaanza kukwaruza, zote kwa pamoja, na safari hii Bosi naye alisikia, maana alisogea kando bila kuambiwa. Mama Faili akairudisha ile herufi. Kioo kikajaa wekundu. Kutoka kati ya majalada ukapanda mlio wa mtu anayevuliwa nguo hadharani, ukazunguka chumba, ukapita juu ya vichwa vyao na karatasi zikipeperuka, ukatokea dirishani. Harufu ikakatika. Bosi alikuwa amekaa sakafuni na tai yake nzuri.

Mama Faili alichukua mkoba wake. Kwenye korido alimkuta mtunza majalada wa upande wa pili, yule mzee wa miwani, amebana mgongo ukutani.

"Amekwenda?" mzee alinong'ona.

"Amekwenda."

"Wa kwako alikuwa mmoja tu?"

"Mmoja."

Mzee alijifunika uso kwa viganja viwili. "Mimi wa kwangu," alisema, "sikumbuki hata ni wangapi."