Shamba Lililoitwa Mwizi

"Kitendawili!" alisema Bibi, akiwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni.

"Tega!" alijibu Mama Pacha huku anafagia ua.

"Nampa maji kila mwaka, hajawahi kuniambia ahsante."

"Ah, mama, hicho hata kuku wanakijua. Ni Mwizi!"

Wakacheka wote wawili, mkwe na mama mkwe. Lakini kicheko cha Mama Pacha kilikuwa na uchungu ndani yake.

Mwizi lilikuwa jina la shamba lao. Lilikuwa juu, nyuma ya nyumba, na udongo wake ulikuwa mwekundu kama tofali. Jina hilo lilitolewa na marehemu baba mkwe. Mzee yule alikuwa na kipimo chake cha ardhi. Unapiga jembe moja tu, halafu unamwaga ndoo moja ya maji kwenye shimo, unaanza kuhesabu. Maji yakikaa, shamba ni zuri. Yakitoweka kabla hujafika kumi, shamba ni mwizi. Shamba hili lilikunywa ndoo nzima kabla ya saba.

"Jembe moja linatosha," mzee alizoea kusema. Na ukoo mzima uliamini hivyo.

Mvua katika nchi ile ni chache. Misimu mitatu Mama Pacha alipanda mahindi kwa Mwizi, na misimu mitatu mahindi yalinyauka kabla ya kubeba. Basi mume wake, ambaye ni seremala, akafanya mapatano na mdogo wake. Mdogo huyo watu humwita Mrefu, maana akiingia mlangoni huinama. Mrefu alikuwa na shamba bondeni, lenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Alitaka mahali pa juu, pakavu, ajenge nyumba. Wakakubaliana kubadilishana. Siku ya Jumamosi Mrefu angekuja na vigingi vyake, avipigilie mipakani, na mambo yaishe.

Siku ya kitendawili hicho ilikuwa Alhamisi.

Mama Pacha alikuwa bado na ufagio mkononi aliposikia hodi.

"Karibu, karibu!"

Aliyeingia alikuwa msichana mwenye viatu vya vumbi na begi zito begani. Alisema yeye ni mpima udongo. Anazunguka vilima vyote vya eneo lile kuandika aina za udongo. "Naomba ruhusa nichimbe shimo shambani kwenu, mama. Shimo refu, la kunifika shingoni."

"La shingoni?" Mama Pacha alishangaa. "Unatafuta nini huko, hazina?"

"Naam," alisema mpima udongo, akatabasamu. "Hazina hasa."

"Basi usijichoshe, mwanangu. Shimo lipo. Baba Pacha amechimba siku tatu pale ukingoni mwa shamba, upande wa ua wetu. Ni la choo."

Bibi akashtuka. "We! Mgeni utamwingiza chooni?"

"Halijatumika, mama!"

Walicheka hadi wakafika shimoni. Seremala alikuwa ndani, kichwa tu ndicho kilichoonekana. "Nachimba tu, nachimba tu," alilalamika. "Wala jiwe, wala mwamba. Shamba hili halina mwisho. Ndiyo maana maji yanapotea."

Mpima udongo alimwomba atoke, akashuka kwa ngazi na kisu kidogo. Alikwangua ukuta wa shimo kutoka juu hadi chini. Halafu akaita, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Mama! Shuka uone! Haraka!"

Mama Pacha alikunja kanga yake akashuka.

"Udongo una tabaka, kama godoro lililowekwa juu ya godoro," alisema mpima udongo. "Hili la juu ni jekundu lililofifia. Ni jepesi, lina mchanga. Chukua kidogo, lowesha, uviringe mkononi."

Mama Pacha alijaribu. Udongo ulikatika vipande.

"Sasa chukua wa hapa kiunoni."

Mama Pacha alichota udongo mwekundu. Kabla hajaulowesha, aliufumbata mkononi. Akaufumbata tena.

"Baba Pacha," aliita. "Una baridi! Umeshikana!"

"Nini kimeshikana?" aliuliza seremala kutoka juu.

"Udongo! Una maji ndani! Mvua ilikatika wiki sita zilizopita, na huku chini una maji!"

Alitaka kuruka lakini shimo lilikuwa jembamba. Akaulowesha, akafinya utepe wa udongo kati ya kidole gumba na cha shahada. Haukukatika. Ulitoka mrefu kama kidole.

"Huu una mfinyanzi mwingi kuliko wa juu," alieleza mpima udongo. "Ndiyo maana unashika maji. Wa juu unayapokea, wa chini unayaweka. Sasa tazama rangi. Ni nyekundu moja, kutoka hapa hadi hapa. Unaona madoa ya kijivu?"

"Hakuna hata moja."

"Madoa hayo hutokea mahali maji yanaposimama muda mrefu na mizizi inakosa hewa. Hapa hayapo. Maji yanapita vizuri, na hewa inapita."

"Kama maji yanapita, basi si yanapotea?" Seremala aliinama ukingoni. "Yanaenda wapi?"

"Swali zuri, baba. Ngoja shamba likujibu lenyewe."

Alichomeka kisu ukutani, kwenye usawa wa magoti yake. Mama Pacha aliona vidonge vyeupe laini, kama vipande vya chaki, vimetapakaa kwenye udongo mwekundu. Mpima udongo alitoa kichupa cha siki, akadondosha matone mawili.

Fssss! Povu likafura.

"Mama yangu!" alipiga kelele Mama Pacha. "Linachemka! Bibi, udongo unachemka!"

"Nisogezeni nami nione!" alisema Bibi. Seremala alimshika mkono, naye akachungulia. Siki ikadondoshwa tena, povu likafura tena, na Bibi akapiga makofi kama mtoto.

"Hiyo ni chokaa," alisema mpima udongo. "Mvua inaposhuka ardhini huyeyusha chokaa ya juu na kwenda nayo chini. Kwenye nchi ya mvua nyingi, chokaa husombwa yote ikapotea. Kwenye nchi kavu kama hii, mvua huchoka njiani. Inapochoka, ndipo inapoitua chokaa yake. Basi ukiona alama hii nyeupe, ujue kwa kawaida mvua yenu huishia hapa. Haivuki sana."

Seremala alikaa chini. Alitazama ule mstari mweupe, kisha akatazama juu ya shimo. "Kwa hiyo maji yote aliyokunywa Mwizi..."

"Yamo humu. Kati ya kifua changu kwa juu na magoti yangu kwa chini. Ni kwamba mahindi yenu hayana mkono mrefu wa kuyafikia yote, na kiangazi kinayawahi."

Bibi akajishika kiuno. "Yaani marehemu alimwita mwizi mtunza ghala!"

"Jembe moja lilimdanganya, bibi. Udongo hausomwi kwa jembe moja, kama vile mtu hajulikani kwa kofia yake." Mpima udongo akatoa daftari. "Na kama mtu, udongo una ukoo. Ukoo wa huyu ni udongo wa nchi kavu, maana kwa sehemu kubwa ya mwaka tabaka lake la juu halina maji. Mlango wake ni udongo wenye mfinyanzi uliojikusanya chini. Nyumba yake ni udongo wenye chokaa ndani. Na jina lake mwenyewe ni hili: wenye kina kirefu, usiotuamisha maji, wa mahali pa juu. Ukijua ukoo wa udongo, unajua umlishe nini na umtume kazi gani."

"Tumpande nini?" Mama Pacha aliuliza upesi.

"Mtama na mbaazi. Mbaazi ina mzizi unaozama kama msumari. Panda mapema, mvua za kwanza tu. Msiache udongo uchi. Matone ya mvua yakiupiga, hufanya ukoko juu, na maji hukimbia badala ya kuzama. Tandazeni mabua. Tieni samadi. Pigeni matuta ya kukinga mteremko. Mfungulieni mlango wa ghala."

Mama Pacha aliandika kila neno nyuma ya bahasha. Halafu akakumbuka vigingi vya Mrefu.

"Jumamosi," alisema.

Jumamosi Mrefu alifika asubuhi na vigingi kumi na viwili begani.

"Shemeji, mbona mmenuna? Leo ni siku ya sherehe!"

"Mdogo wangu," alisema seremala, "tunakuomba tuahirishe."

"Kuahirisha? Neno ni neno, kaka. Nimechonga vigingi hadi mikono imechubuka."

"Tulikupa neno bila kujua tunachokupa," alisema Mama Pacha. "Shuka shimoni kwanza."

"Mnanizika?"

Lakini alishuka. Alifinya udongo, akadondosha siki, akaona povu. Alipotoka alikuwa na chokaa puani na mashaka usoni.

"Sawa. Nawapa msimu mmoja. Mkivuna, shamba libaki lenu. Mkikosa, narudi na vigingi vyangu, na sitaki hadithi ya siki."

Walitandaza mabua, wakapanda mtama na mbaazi, na mvua zikaanza kwa fujo. Siku nne mfululizo. Bondeni maji yalisimama, mahindi ya Mrefu yakaota manjano. Kisha mvua ikakatika, wiki nne nzima. Udongo mweusi ukapasuka nyufa za kuingia mguu. Mama Pacha kila asubuhi alikimbia shambani kabla hata ya kunawa uso. Chini ya mabua, udongo ulikuwa na ubaridi. Mtama ulisimama wima, wa kijani, na mbaazi zikaanza kutoa matawi mapya kana kwamba hazijasikia habari za ukame.

Mwisho wa msimu walivuna magunia tisa ya mtama. Mbaazi bado zilikuwa zinazaa.

Mrefu alikuja na vigingi vyake. Alipiga magoti ukingoni mwa shamba, akafunua mabua, akagusa udongo.

"Shemeji," alisema, "huyo binti wa siki anapatikana wapi? Nataka anisomee la kwangu."

"Alishalisoma alipopita bondeni," alijibu Mama Pacha. "Udongo mweusi si mbaya, una kazi yake. Chimba mitaro kwanza, utoe maji. Na nyumba usijenge pale, kuta zitapasuka. Hapa pembeni mwa ua wetu pana nafasi, jenga."

Mrefu alitua vigingi chini kwa kishindo. "Basi hivi ni vyenu. Nimechoka kuvibeba."

Seremala alivipigilia siku ileile, kuzunguka shimo, asije akatumbukia mtu. Choo kikachimbwa kwingine. Majirani walianza kuja mmoja mmoja kusoma ule ukuta, kila mmoja na siki yake.

Jioni Bibi aliketi kwenye kigoda.

"Kitendawili!"

"Tega!" waliitika wote, na Mrefu pia.

"Mtungi wangu umezikwa. Mdomo wake mwekundu, tako lake jeupe."

Mama Pacha alitazama shamba la juu. Jina la zamani lilimjia ulimini, akalimeza.

"Ni Mtungi," alisema. "Shamba letu, Mtungi."