Jenereta Iliyogonga

Umeme ulikatika asubuhi, nikiwa nafagia. Nikatupa ufagio. Mayai yangu mia mbili yalikuwa siku ya ishirini kwenye mashine ya kuangulia. Siku kumi na nane za mwanzo nimeyageuza kwa mkono wangu. Yakipoa leo, yote yamekufa.

"Niachie mimi," alisema mume wangu, Baba Pacha.

Akawasha jenereta yetu mpya. Mara ikaanza kugonga. Ngo! Ngo! Ngo!

"Sauti gani hiyo?"

"Bado ngeni. Itazoea."

Jirani yetu ni fundi wa pikipiki, mwanamke asiye na simile. Aliisikia, akaja mbio.

"Shemeji, zima!"

"Mayai yatapoa!" nikapiga kelele.

"Pistoni ikitoboka hamtapata joto kabisa. Zima!"

Baba Pacha akazima. Fundi akanusa tangi. "Umetia nini humu?"

Baba Pacha akakuna kichwa. "Petroli... na mafuta ya taa kidogo, ili idumu. Mbona ile ya zamani niliichanganyia, ikaenda tu?"

"Ile ilikuwa inashindilia kidogo tu. Sikiliza. Petroli na hewa vikiingia kwenye silinda, pistoni inapanda na kuvishindilia. Ile ilivishindilia mpaka sehemu moja ya sita. Hii, moja ya tisa. Ukishindilia zaidi, joto linazidi. Petroli inavumilia mpaka plagi itoe cheche. Mafuta ya taa hayana subira. Yanawaka yenyewe kabla ya wakati, yanaipiga pistoni. Ndiyo hizo ngo ngo."

"Lo! Kumbe nilikuwa naiua!"

"Na vifaranga wangu!" Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Tukafunika mashine kwa blanketi, tukaacha matundu ya hewa wazi. Kipimajoto kikawa kinashuka. Thelathini na saba. Thelathini na sita. Fundi alisubiri injini ipoe, akamwaga mafuta yote, ya tangi na ya kabureta. Akatia petroli tupu kutoka karakana yake.

Baba Pacha akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Ikanguruma, laini, bila kugonga. Nikakimbilia kwenye kipimajoto. Kikaanza kupanda.

Jioni Baba Pacha alichukua rangi nyekundu, akaandika kwenye tangi: PETROLI TUPU.

Kesho yake nilimkuta ameinamia mashine, macho yamemtoka.

"Mama Pacha, njoo! Kunagonga tena!"

Nikachungulia kiooni. Ganda la yai moja lilikuwa na ufa, na mdomo mdogo unadonoa.

"Huyo mwache agonge," nikamwambia.