Masale Yaliyohama

Kila alipotoka shule, Lydia alipitia karakana ya zamani ya jiji, pale Ngarenaro, kumsaidia mama yake kuuza ndizi. Karakana ilikuwa imebaki jina tu. Katapila bovu lilikuwa limeota majani hadi kwenye kiti cha dereva, na kuku wa mtaa walitaga humo bila kumwomba mtu ruhusa.

Jirani yao alikuwa Mama Sinyati, Mmasai muuza shanga, ambaye Lydia alimwita yeyo, yaani mama. Katikati ya sehemu zao mama Lydia alikuwa amepanda masale, majani marefu ambayo Wameru hupanda mipakani. Mwenye akili zake hayagusi.

Kisha ikaja habari ya soko jipya. Jiji lilikuwa na kiwanja, hapo hapo karakana, bila fedha. Kampuni ilikuwa na fedha bila kiwanja. Basi wakaingia ubia. Bwana Ebenezer, afisa wa jiji, aliwaeleza wafanyabiashara kwamba angepita kupima. Kila eneo linalotosha meza lingepakwa namba, na mwenye namba angepata kizimba.

Derick, rafiki yake Lydia, alimcheka kwamba kieneo chao kingemtosha kuku mmoja, tena aliyesimama. Lydia hakulala vizuri. Kesho yake Mama Sinyati, akiondoka kwenda Longido msibani, alimwomba Lydia amwangalizie sehemu yake. Lydia aliitikia vizuri tu. Alfajiri iliyofuata aliyang'oa masale, akayapanda upande wa yeyo. Bwana Ebenezer alipopita, aliufuata mpaka, akaona kwa yeyo hapatoshi meza, akapaka namba moja: ya mama Lydia.

Mama Sinyati aliporudi, alisimama kwenye kipande kilichobaki akitafuta namba yake. Hakugomba.

"Lydia, si nilikuachia wewe?" aliuliza.

Lydia aliinamia ndizi. Mama yake alitazama masale yaliyonyauka, kisha kucha za binti yake zilizojaa udongo.

"Nilijua nimezaa mwanafunzi," alisema. "Kumbe nimezaa fundi wa mipaka."

Hakuwa anacheka. Alikata jani moja la sale, akamkabidhi. Lydia alilijua: kwao, anayeomba msamaha hulibeba mkononi. Hatua zile chache hadi kwa yeyo zilimchosha kuliko mlima.

"Yeyo, ni mimi niliyehamisha. Nisamehe."

Mama Sinyati aliligeuzageuza jani. "Sisi hushika nyasi tu," alisema. "Ninyi Wameru mnaomba msamaha kwa jani kubwa. Nimelipokea."

Bwana Ebenezer aliitwa. Aliwakemea wote, kisha akasema namba za mbele zimekwisha. Iliyobaki ilikuwa nyuma, karibu na vyoo. Mama Lydia hakusita. Alimwomba ile ya mbele iandikwe kwa Mama Sinyati, naye akachukua ya nyuma.

Lydia alilia. Mama alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Jiji na kampuni wana mkataba na mawakili," alisema. "Mimi na yeyo tuna sale hili tu, na neno lako ulilompa alipoondoka. Ukiling'oa hilo, hakuna wakili wa kulipanda tena. Sasa kayarudishe masale yalipokuwa. Na huko vyooni utaita wateja wewe, maana mdomo unao."

Lydia alichukua jembe.