Jiwe Lililokwenda Kushoto

Kila asubuhi Revati alibeba mkate wa mtama na kitunguu kimoja, akaenda shambani kuamia ndege. Mtama ulikuwa umeanza kushika maziwa, na kasuku huupenda wakati huo. Alipanda dungu, jukwaa la kulindia shamba, akazungusha kombeo juu ya kichwa, akaachia. Jiwe lilipanda, likainama taratibu, likaanguka kati ya kasuku. Wakaruka. Baadaye walirudi. Akarusha tena.

Kombeo hilo lilisukwa na baba yake. Baba alifariki kabla ya mvua. Watu walilia, Revati hakulia. Tangu hapo alifanya kila alichoambiwa, kama mtu anayeitazama mikono ya mwingine ikifanya kazi.

Siku moja ndama wa jirani yao, Mzee Kondiba, alilia ghafla. Jiwe lilikuwa limempasua juu ya jicho.

Dagdu, binamu yake Revati, alikuwa kwenye dungu la pili, uso umemwelekea ndama. Revati, juu ya dungu lake, alikuwa ametazama upande wa kisima.

"Wewe Dagdu!" Mzee Kondiba alifika akihema. "Macho umeyasahau nyumbani?"

"Si mimi, babu! Naapa!"

"Basi ndama kajipiga mwenyewe? Hilo kombeo linaingia mekoni leo. Litachemsha chai."

"Revati, si ulikuwepo? Mwambie!"

"Muache mwenzako," alisema mzee. "Yeye alitazama kisimani. Jiwe lake lingekwenda kisimani."

Revati alilitazama kombeo lake. Nguo za baba zilikwisha kugawiwa. Kilichobaki ni kombeo hili tu. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

Dagdu alianza kulifungua kombeo lake kidoleni.

"Babu," Revati alisema, "jiwe haliendi unakotazama."

Alishuka. Ndama alikuwa ameshaondolewa. Akatia jiwe, akalizungusha polepole.

"Likiwa kulia kwangu, linaelekea mbele. Nikiachia hapo, linakwenda kisimani. Likifika mbele yangu, tayari linaelekea kushoto. Nikichelewa kuachia, linanyooka kushoto."

Akachelewa makusudi. Jiwe lilikwenda kushoto, likaanguka karibu na kigingi kitupu cha ndama.

"Mawazo yangu yalikuwa mbali. Nilichelewa. Ni mimi."

Akamnyooshea mzee kombeo kwa mikono miwili. "Lichomwe."

Mzee Kondiba alilipokea. Alipapasa mafundo yake, moja baada ya jingine.

"Baba yako ndiye aliyekufundisha hayo?"

"Ndiyo."

"Hakupoteza muda wake." Akamrudishia. "Kombeo halina kosa. Utamwosha ndama kidonda kwa maji yenye unga wa manjano kila asubuhi mpaka kifunge. Na wewe Dagdu, nisamehe. Nilihukumu kwa kutazama uso tu."

"Mimi nilishaliaga langu, babu," alisema Dagdu akipangusa pua. "Nilikuwa nalitakia safari njema."

Kesho yake Revati alipiga magoti zizini na bakuli. Ndama alimpumulia kiganjani. Pumzi ilikuwa ya moto. Revati alishtuka kwamba ameihisi, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu baba afariki.

Mzee Kondiba alikaa kando yake, hakumharakisha.

"Jiwe likishatoka, mjukuu wangu, hakuna wa kulirudisha," alisema baadaye. "Lakini ukweli ulikuwa bado mkononi mwako. Huo hukuchelewa kuuachia."