Karatasi ya Mmarekani Chini ya Mkebe wa Udi

Jamani nyie mlioko humu, mshawahi kushikwa uongo na mjukuu wenu wenyewe?

Mimi nimeshikwa. Jumamosi, asubuhi, nyumbani kwangu hapa Ruwi, huku nchi ya Waarabu… na mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma!

"Ruba, nitolee udi sandukuni, tufukize."

Nikasahau kilichokuwa chini ya mkebe.

Mara nikasikia:

"Bibi… hii nini?!"

Kashika karatasi ya ndoa, imekunjwa mara nne, inanukia udi.

Nikuelezeni. Ruba anafanya kazi kiwandani Rusayl. Miaka miwili anamtafuta babu yetu Mmarekani, aliyeshuka melini Unguja miaka ya 1840 na kitu, akasilimu, akaoa. Alitaka kujua kwa nini kule Unguja tulikuwa tukiitwa "watu wa Pipa." Basi kila Jumamosi huja na daftari lake la jalada la kijani, anauliza, anaandika.

Nami nikimpa hadithi! Wiki hii babu nahodha. Wiki ya pili daktari. Maskini akaandika barua mpaka Marekani, akapekua majina ya manahodha… wapi! Nikimwona kachoka, namuongeza kahawa na halwa.

Kumbe karatasi ya ndoa yake nnayo tangu alipofariki mama yangu. Imeandikwa wazi: "Abdalla Mmarekani, fundi wa mapipa." Akitengeneza mapipa ya kutilia mafuta ya nazi. Jina letu limetoka hapo. Basi!

"Miaka miwili, Bibi! Wallahi umenizungusha miaka miwili!"

"Mwanangu…"

"Umeona aibu? Kwa kuwa fundi tu, si nahodha?"

Nikamwacha aamini hivyo. Aibu ilikuwa nyepesi kuliko ile kweli yenyewe.

"Khalas, yamekwisha. Nshamjua. Sina la kutafuta tena."

Akachukua mkoba, akaenda zake. Udi haukufukizwa.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nyingine… hakuja!

Ijumaa wanangu huja wote baada ya sala. Wanakula, wanasema Kiarabu mbio mbio, simu mikononi. Nikawasimulia yaliyonipata na Ruba; mwanangu Ghanim akanicheka:

"Mama, nani leo anauliza fundi au nahodha? Aibu ya nini?"

Kabla ya alasiri wameshaondoka. Nabaki naosha vikombe, nasema navyo: "Haya, na wewe njoo hapa." Tangu mume wangu Hatem kufariki, katika nyumba hii ni Ruba peke yake anayenijibu kwa Kiswahili.

Sasa mmeshafahamu?

Mmarekani akipatikana, Jumamosi zangu zimekwisha! Ndiyo maana nikamficha.

Wazee wenzangu, mkimtaka mtu, mwambieni. Msimfunge kwa hadithi. Siku akiijua kweli, atadhani hata mapenzi yenu yalikuwa uongo.

Jana nikampigia. Ikaita, ikaita… akapokea.

"Naam, Bibi." Sauti kavu.

"Umekula?"

"Nimekula. Niko kazini, Bibi."

Nilikuwa nshamtungia jipya: Mmarekani alikuwa na mke wa pili! Neno liko mdomoni… nikalimeza.

"Ruba, mama, mimi sikuona aibu. Fundi, nahodha, wote hawanishughulishi. Nilikuwa nakutaka wewe. Njoo Jumamosi, daftari liache, tukae tu tuzungumze."