Mteja wa Kwanza wa Khue

Kila alfajiri mimi na mjukuu wangu Khue hufungua kibanda chetu cha nguo katika soko la Bien Hoa. Yeye hutundika mashati, mimi hukunja suruali, huku nikimtegea vitendawili.

Sokoni kwetu mteja wa kwanza ndiye bahati ya siku. Akinunua, siku imefunguka. Akiuliza bei kisha akaenda zake, muuzaji huwasha karatasi na kuizungusha juu ya nguo ili kufukuza nuksi.

Asubuhi moja, Mwaka Mpya ukikaribia, nilikwenda kuchukua uji wetu. "Leo fungua wewe," nilimwambia Khue. Akafurahi kama aliyepewa ufalme.

Mara akaja Mama Lieu, muuza tambi wa kituo cha basi.

"Binti, nipe shati jeupe. Mwanangu anakwenda kwenye usaili wa kazi leo hii. Ukinipunja, tambi zangu huzili tena!"

"Nikupunje wewe, shangazi? Si utaninyima mchuzi!"

Shati la saizi ya mwanawe lilikuwa moja tu. Khue alipolikunja, akaona mshono wa kwapani umefumuka. Akisema, mteja ataondoka na siku yote itaharibika! Akaficha kwapa kwa ndani, akalitia shati kwenye mfuko.

Niliporudi na uji, nilimkuta ameinamisha uso.

"Umepata mteja?"

"Nimepata, Bibi."

"Mbona uso wa mtu aliyemeza ndimu?"

Machozi yakamtoka, akanieleza yote. Sikumkaripia. Nilichukua sindano na uzi mweupe, nikamwomba jirani atuangalizie kibanda, tukakimbia kituoni.

Tulimkuta kijana wa Mama Lieu ameshalivaa shati, ameinua mkono kusimamisha basi, na ubavu unachungulia nje. Mama Lieu kashika kiuno.

"Ala! Khue, ndiyo biashara hiyo?"

"Nisamehe, shangazi. Nililiona tundu nikalificha. Niliogopa utaondoka bila kununua."

Kisha akapokea sindano kwangu, akaanza kushona palepale, dereva akipiga honi.

"Polepole, mdogo wangu," kijana alilia, "hilo ni shati, hizi ni mbavu!"

Tukacheka sote, hata Mama Lieu. Kijana alipanda basi akiwa nadhifu.

"Mngekaa kimya, mwanangu angeaibika mbele ya wakubwa," alisema Mama Lieu. "Ahsanteni sana."

Tukiwa njiani kurudi, nikasema, "Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Mwembamba wangu, kila apitapo hufunga njia."

"Sindano!"

"Naam. Lakini sindano haizibi tundu lililofichwa, mjukuu wangu. Umelionyesha, ndiyo maana limeshonwa. Bahati ya kibanda chetu ni watu wanaotuamini. Waambie kweli, nao watarudi."

Kijana alipata kazi. Tangu siku ile Mama Lieu hupita kwetu kila alfajiri kutufungulia siku, hata kwa kununua kifungo kimoja. Vifungo vyake sasa vyatosha koti la mfalme, na bado anakuja. Khue humpokea kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa: "Ahsante, shangazi."