Mkono wa Nyuma

Chupa ilirudi ikiwa imelowa mdomoni, na aliyeipokea akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaipitisha mbele bila hata kuitazama. Mazoea, jamani. Mazoea yamezika watu wenye akili zao.

Aliyeipokea walimwita Sisimizi, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na bado alibeba mizigo iliyowashinda wanaume. Yeye na mumewe waliishi kwa kuongoza wageni mlimani. Mume alitangulia, wageni wakafuata, nyuma yao Sisimizi, na mwisho kabisa kaka yake, mshika mkia. Shuleni kushika mkia ni aibu, lakini mlimani ni cheo, maana mshika mkia ndiye anayehakikisha hakuna aliyeachwa. Njia yao ilipita juu ya mgongo wa mlima wenye vilele vinne, navyo waongozaji walivipa majina ya kifamilia: Bibi, Mama, Binti na Kitindamimba. Unaanza kukipambazuka, unamaliza jua likizama. Kati ya kilele na kilele njia ni nyembamba kama ukuta wa ua, kushoto bonde na kulia bonde. Huko begi halivuliwi wala mtu hageuki nyuma. Kiongozi anatoa chupa moja kubwa ya maji, anakunywa, anainyoosha nyuma huku macho yakiwa mbele. Mkono wa nyuma unaipokea, mwenye mkono anakunywa, naye anainyoosha nyuma. Ikifika kwa mshika mkia inarudi vivyo hivyo, mkono kwa mkono, mpaka kwa kiongozi.

Siku hiyo kaka mtu alikuwa amebaki nyumbani na kifundo cha mguu kilichovimba. Sisimizi ndiye aliyeshika mkia, na alilijua hilo tangu alfajiri. Lakini mikono haina kumbukumbu ya leo, ina ya miaka yote. Walipoteremka Bibi, chupa ikamfikia, akanywa, akaunyoosha mkono nyuma kama kawaida yake. Chupa ikapokelewa. Punde ikarudishwa.

Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa alipokumbuka kifundo cha kaka yake.

Akakitazama kiganja chake. Kilikuwa kimepakwa ute mzito wa manjano, kama makamasi ya mtoto mwenye mafua, na alipotanua vidole ute ule ulivutika ukawa nyuzi. Harufu yake ilikuwa ya dekio lililosahauliwa kwenye ndoo, chachu, ya kuoza taratibu. Alijifuta kwenye suruali, akajifuta tena kwenye jiwe, lakini ngozi iliendelea kunata.

Hakupiga kelele. Mtu akishtuka ukingoni huanguka, naye hakuwa na ruhusa ya kuanguka. Nyumbani alikuwa amemwacha mtoto mchanga, hajaota hata jino moja, mikononi mwa bibi yake. Mtoto yule alikataa maziwa ya chupa, alikataa uji, alikataa kila kitu isipokuwa ziwa la mama yake, na kila alfajiri Sisimizi alimwahidi kurudi kabla giza halijaingia. Basi alijikaza, akatembea, masikio yote yakiwa kisogoni.

Nyuma yake kitu kilitembea. Hakikuwa na kishindo cha mguu. Kilijibwaga, pwata, pwata, kama nguo mbichi inayotupwa sakafuni.

Mbele yake wageni wawili walikuwa wakitaniana: daktari wa meno, na shemeji yake aliyekuwa fundi wa friji.

"Shemeji, ukianguka huku niachie lile gari," fundi alisema.

"Nikianguka nakushika shati, tunakwenda wote."

Chupa ikaja mara ya pili. Sisimizi aliipokea akaikumbatia kifuani, akaapa moyoni kwamba hainyooshi nyuma ng'o. Hapo kidole kikamgonga begani, kwa adabu kabisa, kikaacha tone la baridi lililoteremka mgongoni ndani ya blauzi.

"Dada," ilisema sauti. Ilikuwa ya kaka yake, ila ilipita kwenye makohozi kwanza. "Dada, maji."

Kidole kikagonga tena, kwa nguvu zaidi, na mguu wake ukateleza kidogo kuelekea bondeni. Akaunyoosha mkono nyuma. Alisikia midomo ikiizingira chupa, si kunywa bali kunyonya, kwa pupa, kwa mlio wa mate na pumzi za puani, kisha chupa ikawekwa kiganjani mwake ikiwa ya moto. Kabla hajajua aifanyeje, fundi aliyekuwa akingoja aliifikia kwa mkono wake wa nyuma, akaipokonya na kupiga mafunda mawili makubwa.

Akasimama. Akatafuna. Uso wake ukabadilika, akaingiza vidole mdomoni na kuvuta unywele, na unywele ukaendelea kuja, mrefu, mweupe, ukitokea kooni, mpaka mwisho wake ulipotoka na kitu kigumu kilichonasa. Alitapika palepale, upande wa bonde, huku shemeji yake amemshika mkanda.

Utani uliishia hapo.

Juu ya kilele cha Mama, mahali penye nafasi ya kukaa, daktari alikiosha kile kitu kigumu, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Ni jino," alisema kwa sauti ya chini. "Jino la utoto, yale yanayong'oka. Ila limesagika kama la mzee sana. Sijapata kuona jino la utoto lililotumika miaka yote hii."

Sisimizi akamvuta mumewe pembeni, akamweleza. Mume alisikiliza, na jasho lilimtoka ingawa upepo ulikuwa mkali.

"Bado yupo?" alinong'ona.

"Husikii harufu?"

Aliisikia. Wote waliisikia. Ilitoka upande waliotokea, ingawa hapakuwa na mtu.

"Mama alinieleza zamani, nikamcheka," mume alisema. Mama yake alikuwa mpishi wa misafara hiyo hiyo enzi za ujana wake. "Jini akishakunywa chupa ya msafara, ni msafiri mwenzenu. Msafiri hafukuzwi njiani. Ukimfukuza anasukuma. Anafikishwa mwisho kama wengine, zamu yake anapewa, na kila mtu anakunywa baada yake bila kukunja uso. Barabarani unamwaga maji yaliyobaki, unamwambia safari imekwisha. Anaondoka."

"Kila mtu anakunywa?" daktari aliuliza. Alikuwa amesogea akasikia. "Baada ya lile domo?"

"Ndiyo, daktari. Wewe pia."

Wakanywa. Mlima wote, wakanywa. Daktari wa watu, ambaye hakumruhusu hata mkewe kugusa mswaki wake, alifumba macho, akameza, kamasi likapita kooni taratibu kama konokono, akasema ahsante. Fundi alilia kimya kimya. Sisimizi alikuwa wa kwanza kuipokea kila ikirudi, ikiwa na joto lile la mdomo wa mtu mwingine na vipande vya ngozi laini vikielea juu ya maji, na kila mara alijiambia neno moja tu: mtoto. Nitafika kwa mtoto. Kitabaki barabarani, nami nitafika kwa mtoto.

Walipofika Binti, maziwa yalikuwa yamemjaa. Mwanamke aliyenyonyesha anayajua maumivu haya: kifua kimekuwa jiwe, blauzi imelowa, kila hatua ni msumari. Alimwomba mumewe dakika chache, akaenda nyuma ya mwamba, akayakamua maziwa juu ya jiwe bapa, ziwa la kushoto kisha la kulia, mpaka akapata nafuu. Alikuwa amegeuka kufunga vifungo aliposikia mlio wa kulamba, ulimi mpana ukipita juu ya jiwe, ukirudi, ukipita, kwa mguno mdogo wa raha ambao aliutambua mara moja, kwa kuwa ndio mguno wa mwanawe kila usiku anapolipata ziwa, mguno ule ule, ila umetoka kwenye koo lililooza.

Alipogeuka hapakuwa na kitu. Jiwe lilikuwa kavu, safi kuliko sahani, na pembeni yake paliachwa mkufu wa mate na jino jingine.

Alilipiga jino teke likaenda bondeni. Akarudi kwa wenzake, akasema, "Twendeni."

Kwa nini hakumwambia mumewe? Aibu. Atasimama vipi mbele ya wanaume wawili wageni aseme kilichomtoka kifuani na kilichokilamba? Na alikuwa amejionea kinyaa, kinyaa cha mwili wake mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye aliyenuka. Tena alijifariji: sikumpa, nilimwaga tu. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa vilevile.

Kitindamimba nacho walikivuka. Jua lilikuwa limelala upande wa magharibi walipokanyaga barabara ya lami. Mume aliwapanga mstari wao uleule, chupa ikapita mara ya mwisho, ikanyonywa, ikarudi. Akasimama mbele yao, akaigeuza chini juu. Maji mazito yakatoka kwa mafungu.

"Msafiri mwenzetu," alisema, na sauti haikutetemeka sana, "tumekufikisha. Safari imekwisha. Kila mtu na kwao."

Pwata, pwata, hatua zile zikasogea, zikafifia. Harufu ikakatika kama mlango uliofungwa. Daktari alikaa chini barabarani. Fundi aliangalia gari lao lililoegeshwa, akasema, "Shemeji, nikifika nyumbani nasugua meno mpaka mwaka kesho," na wote wakacheka kicheko cha watu waliochoka.

Nyumbani mtoto alikuwa akilia tangu mchana, sauti imemkauka. Mama mkwe alimwacha alie kwanza. Alimsimamisha Sisimizi mlangoni, akamnusa nywele, mabega, mikono, huku mume wa Sisimizi akimsimulia yote.

"Mmefanya vizuri," alisema bibi. Kisha akamtazama mkwe wake machoni. "Mwanangu, alipata kitu kingine chochote kwenu? Zaidi ya maji?"

Mtoto alipiga ukelele. Kifua cha Sisimizi kikaitika, blauzi ikalowa.

"Hapana, mama."

"Alhamdulillahi. Maji humfanya mwenzako wa safari tu, na safari huisha. Undugu ndio hauishi. Kaoge, umnyonyeshe mwanao."

Alioga, akasugua mpaka ngozi ikawaka. Akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akampakata mwanawe na kumpa ziwa la kushoto. Mtoto alilidaka kwa njaa ya siku nzima, akaguna mguno wake mdogo, na machozi ya Sisimizi yakamtoka kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amefika, alikuwa ametimiza ahadi, na kinywa hiki kilikuwa kisafi, na joto hili lilikuwa la mwanawe.

Ndipo harufu ya dekio ikaingia chumbani, na kitu chenye unyevu kikamgonga begani, kwa adabu. Sauti ile haikumwita dada tena.

"Mama," ilisema.

Ziwa la kulia likavutwa. Baridi iliingia kwenye chuchu ikapanda mpaka kwapani, na alihisi fizi, na kati ya fizi meno machache madogo yaliyosagika, na akajisikia, kwa sauti kama ya kuazima, akimbembeleza mwanawe, nyamaza baba, nyamaza, ingawa mtoto hakuwa akilia. Mlangoni mama mkwe alikuwa amesimama na taa mkononi. Alisikiliza. Alielewa kabla hajaambiwa, akaanza kurudi nyuma kidogokidogo, mkono umeziba mdomo wake.

"Wamekuwa wa ziwa moja," alinong'ona. "Mwanangu, umetuletea mjukuu."

Mtoto alishiba. Akaliachia ziwa, kichwa kikalegea, akalala.

Kunyonya kukaendelea.